Fangasi na Joto la Damu

Desemba 1905, Mfereji wa Panama ukiwa unachimbwa, daktari Mmarekani Samuel Darling alipasua maiti ya kibarua kutoka kisiwa cha Martinique. Mapafu yalijaa vinundu mithili ya vya kifua kikuu. Kwenye hadubini akaona vijidudu vya duara vimesongamana ndani ya seli, akadhani ni protozoa, jamaa wa vimelea vya ugonjwa wa kala-azar. Akaviita Histoplasma capsulatum.

Ukweli ulithibitishwa mwaka 1934 huko Tennessee, Marekani, na W. A. de Monbreun: huyo ni fangasi mwenye maumbo mawili. Udongoni huota nyuzinyuzi kama ukungu. Akivutwa pafuni, penye nyuzijoto 37, hugeuka chembe za duara zinazochipua kama hamira. Darling alikuwa ameona umbo la pili tu.

Hakukosea peke yake. Coccidioides, aliyeonwa Argentina mwaka 1892, naye alidhaniwa protozoa. Pneumocystis, aliyeonwa na Carlos Chagas wa Brazili mwaka 1909, alihesabiwa hivyo hadi 1988, jeni zake zilipomfichua.

Fangasi wenye majina ya kisayansi wanazidi laki moja, ila wanaowaletea watu ugonjwa ni mia chache tu. Wengi hushindwa na joto la damu ya mamalia. Wachache waliopenya walipita njia tofauti.

Histoplasma hubadili umbo, kisha huishi ndani ya seli zilezile zilizotumwa kummeza. Cryptococcus neoformans alikuja na silaha tayari. Mwaka 1894 Francesco Sanfelice alimpata kwenye maji ya pichi nchini Italia. Wakati huohuo Otto Busse, Ujerumani, akamtoa kwenye mfupa wa mgonjwa. Ganda lake la sukari na rangi yake ya melanini humkinga dhidi ya seli nyeupe, na watafiti wengi wanaamini alizipata udongoni, akikwepa kuliwa na amiba. UKIMWI ulipobomoa kinga za watu, akawa chanzo kikubwa cha homa ya uti wa mgongo Afrika. Hospitali za Uganda zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2022, ulioonyesha kuwa dozi moja kubwa ya dawa ya amfoterisini, pamoja na vidonge, inaweza kuchukua nafasi ya sindano za kila siku.

Pneumocystis yeye alilipa kwa uhuru wake: amepoteza jeni nyingi za kujitengenezea chakula, na nje ya mamalia hana maisha.

Mwaka 2009 Japani ilitangaza fangasi mpya, Candida auris, kutoka sikio la mgonjwa. Koo zake tofauti ziliibuka katika mabara kadhaa karibu kwa pamoja, nyingi zikiwa sugu kwa dawa. Wapo wanasayansi wanaohisi kwamba kupanda kwa joto la dunia ndiko kulikomzoesha joto la mwili. Dhana hiyo haijathibitishwa, lakini inatukumbusha kwamba kinga ya joto hutegemea tofauti kati ya mwili na mazingira. Tofauti hiyo ikipungua, huenda fangasi wengine nao wakaweza kuvuka.