Stesheni ya Tabora na Njia ya Misafara

Wasikilizaji wetu, kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwa gari la moshi aliona jambo la ajabu alipofika Tabora. Gari lilikatwa vipande viwili: mabehewa mengine yakaendelea magharibi, Kigoma, mengine yakashika njia ya kaskazini, Mwanza. Ole wake aliyelala usingizi katika behewa lisilo lake! Leo twataka kueleza jinsi stesheni hii ilivyopata kuwa njia panda, kwani umbo la stesheni ni kama unyayo: humjulisha mtu aliyepita na alikokuwa akienda.

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia ilipanda kutoka Bagamoyo hata Unyanyembe, ikagawanyika hapo: mkono mmoja ukaenda Ujiji, na mwingine kaskazini, Karagwe na Buganda. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka hapo. Mizigo ilichukuliwa na wapagazi, na katika kazi hiyo hakuna waliosifiwa kama Wanyamwezi.

Mwaka 1904 iliundwa huko Ujerumani Kampuni ya Reli ya Afrika ya Mashariki, ikiongozwa na Deutsche Bank. Kazi ya ujenzi walipewa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Walianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914.

Kampuni ilifuata nyayo za misafara, lakini si katika ncha zake. Bagamoyo iliachwa, kwa kuwa maji yake ni haba, wala meli kubwa haziwezi kukaribia. Dar es Salaam ina bandari yenye kina. Ujiji nayo iliachwa, kwa kuwa ufuko wake u wazi kwa mawimbi. Ikachaguliwa ghuba ya Kigoma, mwendo wa kilomita chache tu. Ndiyo maana katika miji hiyo miwili reli hufika hata bandarini: nia ya kampuni ilikuwa kuunganisha bahari na ziwa. Meli iitwayo Goetzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba, ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika masanduku kwa reli hiyo, ikaundwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915.

Tabora peke yake haikuachwa. Hapo reli ilipita katikati ya safari, wala haikuishia. Kisha vita vikaja. Wabelgiji waliutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, na baadaye reli ikawa mikononi mwa Waingereza. Hao walijenga mkono wa kaskazini, uliofika Mwanza mwaka 1928. Ndipo Tabora iliporudia umbo lake la kale: njia tatu zikutanazo mahali pamoja.

Lakini tusiwasahau wapagazi. Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa waliochimba na kutandika njia ile ya chuma, na ilipokwisha, kazi ya baba zao katika njia ile ikaisha nayo. Wazungu walileta chuma na fedha. Mahali pa kupita palikuwa pamekwisha kuchaguliwa zamani, kwa miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika stesheni yo yote.