Kwani Nani Alitupimia Sauti?

Sisi watu wa mpakani tumezaliwa tukilinganisha. Ukikulia Malaba au Busia, kabla hujamaliza kujifunza kuzidisha ushajua kugeuza shilingi ya Kenya kuwa ya Uganda kichwani. Mama akikutuma mayai, unauliza bei ya hapa, unauliza bei ya ng'ambo, halafu ndio unaamua. Hakuna wa kukulaumu. Hiyo ndiyo akili ya mpakani.

Shida ni kwamba mimi niliibeba hiyo akili hadi kanisani.

Nilikuwa naongoza sifa kwa kanisa moja ndogo hapa Malaba. Kibodi yetu ilikuwa na vitufe viwili vimekufa. Jumamosi usiku natazama video za waimbaji wa Kampala na Nairobi, Jumapili nasimama mbele nikijichukia. Siku moja mzee mmoja akaniuliza, wenzangu wakisikia, mbona siimbi kama yule dada wa ng'ambo. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo, na simu yangu imejaa picha za wenzangu wamevaa majoho. Nikarudisha maiki. Miezi minane sikuimba, hata bafuni.

Watu walinipa mistari ya Biblia na nikashukuru. Lakini kilichonirudisha ni historia, tena ya huku kwetu.

Hebu anza na hii: hapa tulipo palikuwa Uganda. Hadi mwaka 1902, Magharibi ya Kenya ilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, ndipo Waingereza wakahamisha mstari. Kanisa la Kianglikana lilichelewa zaidi. Huku kwetu liliendelea kuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi 1921. Kwa hivyo huyo "wa ng'ambo" ninayemwogopa, babu zetu walikuwa chini ya askofu mmoja.

Wamishenari walileta shule na vitabu vya nyimbo, na hayo nayashukuru. Lakini pamoja na vitabu kulikuja rula. Wimbo mzuri ulikuwa ule unaokaribia wa Ulaya. Ngoma wengi wao waliikataa, wakisema ni ya mizimu. Sasa fikiria Mteso au Mluhya aliyelelewa na ngoma, anaambiwa akitaka kumwimbia Mungu aiache nje. Kabla ya kuuliza kama Mungu amesikia, mtu alijifunza kuuliza kama amefikia wale wengine. Hilo swali ndilo mimi nilikuwa nalo na kibodi yangu.

Lakini kuna waliolikataa. Zakayo Kivuli alikuwa muumini wa misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori. Mwaka 1942 alianzisha kanisa lake huko Vihiga, African Israel Church Nineveh. Hao unawajua: kanzu nyeupe, vilemba, bendera, ngoma, wanatembea barabarani wakiimba. Tukiwa watoto tulikuwa tunawacheka, aki. Kumbe mwaka 1975 kanisa hilo lilipokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na ngoma zao mkononi. Hawakungoja kufanana na mtu ndio waanze kuabudu.

Halafu kuna Balokole, watu wa uamsho. Moto wao ulianzia Gahini, Rwanda, na Kampala, ambako Mganda Simeoni Nsibambi alikuwa mmoja wa waliouwasha. Mwaka 1937 timu yao ilifika Kabete, na kutoka hapo uamsho ukaenea Kenya. Wimbo wao mkuu ni Tukutendereza Yesu. Kiitikio ni cha Kiganda, ingawa wimbo wenyewe una asili ya Kiingereza. Hata leo Waluhya, Wajaluo na Wakikuyu wanakiimba kiitikio hicho na hawasumbuki kukitafsiri.

Kilichonishika ni jinsi ulivyotumika. Mtu anasimama kwa ushirika, anaungama waziwazi: niliiba, nilimchukia ndugu yangu. Wengine wanamjibu kwa wimbo huo. Hakuna jukwaa na hakuna mwimbaji mkuu. Sasa niambie, katika hali hiyo utauliza nani ana sauti kali kuliko mwingine? Wimbo ulikuwa jibu kwa mtu aliyesimama hapo akiwa ameumia.

Nisiwadanganye, hata hao waliteleza. Baadaye kule Uganda kulizuka kundi lililojiita Abazukufu, yaani walioamshwa tena, na ndugu wakagawanyika juu ya nani ameamka zaidi. Waliacha kupimana sauti, wakaanza kupimana wokovu. Rula haifi haraka, wasee. Ukiitupa mlangoni inaingilia dirishani.

Na tatizo ni la zamani kuliko wamishenari. Sauli alianza kumwonea Daudi wivu siku aliposikia wanawake wakiimba idadi yake na ya Daudi. Labda ndiyo maana Daudi mwenyewe, alipopanga waimbaji wa hekaluni, 288 kwa zamu 24, zamu ziliamuliwa kwa kura. Mkubwa na mdogo, mwalimu na mwanafunzi, wote kwa kura moja. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25. Aliyekuwa bingwa hakupewa zamu kwa ubingwa wake.

Nimerudi kuimba. Kibodi bado ina vile vitufe viwili. Video bado natazama, kwa sababu kujifunza kwa mtu si dhambi, ila sasa nikizima simu najiuliza nimejifunza nini. Zamani nilikuwa najiuliza mimi ni wa ngapi.

Mwezi uliopita tuliimba wimbo wa Kiteso ambao nyanya yangu alikuwa akiimba kanisani. Sauti yangu ilikwama katikati. Mama mmoja wa safu ya nyuma, anayeuza ndizi pale karibu na foleni ya matrela, akaudaka na kuumalizia. Hakuna aliyerekodi.

Bei ya mayai nitaendelea kulinganisha, hiyo siachi. Lakini hii nyingine nimeiweka chini.

Na wewe uliyerudisha maiki, ulirudisha kwa sababu ya nani?