Walibadilisha mwimbaji, ndipo wakatoboa

Ukiwauliza mashabiki wengi wa The Chicks (zamani Dixie Chicks) kundi lilianza lini, watakutajia 1998 na albamu ya Wide Open Spaces. Wapi! Ile ilikuwa albamu ya nne, na dada aliyeimba mbele kwenye ile ya tatu hayumo kabisa.

Kundi lilizaliwa Dallas, Texas, mwaka 1989. Walikuwa wanawake wanne: ndugu wawili wa damu, mmoja fidla, mwingine banjo, na wenzao wawili waliowazidi umri. Walipiga kwenye kona za mitaa wakiwa wamevaa kama wachunga ng'ombe wa kwenye muvi, kofia mpaka buti. Albamu 3 walizitoa bila lebo kubwa. Shoo zilikuwepo, ila redio kimya. Baada ya ile ya pili, mmoja akaaga.

Mwaka 1995, Sony wakaanza kuwatupia jicho. Na hapo ndipo kimbembe. Mpiga besi, miaka 37, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya kundi, akatoka. Akaingia binti wa miaka 21, mtoto wa mpiga gitaa la stili aliyewahi kurekodi nao. Kwa nje ilionekana kama mtu kapumzika zake. Baadaye mwenyewe alidokeza kuwa kule kuondoka si kitu cha kuita kujiuzulu. Alikuwa mmoja, wenzake wawili.

Inauma, lakini kimuziki dau lililipa. Yule binti alikuwa na sauti ya kupasua, haimbembelezi mtu. Kofia na buti vikawekwa kabatini. Fidla na banjo vikabaki, maana bila hivyo wangekuwa kundi jingine tu la wasichana warembo.

Wimbo uliobeba jina la albamu nao ulipitia mlango wa nyumbani. Baba wa binti alikuwa akirekodi kundi dogo la Texas, akakutana na wimbo wa msichana aliyekuwa humo: binti anaondoka kwao kwenda kujitafuta, wazazi roho mkononi. Akampelekea mwanawe. Wale ndugu wawili nao wakaleta You Were Mine, waliyoiandika kuhusu talaka ya wazazi wao.

Mzigo ukatoka Januari 1998. Nyimbo 3 zikashika namba 1 kwenye chati ya kantri, na mwaka uliofuata zikaja Grammy 2. Marekani pekee albamu imepita nakala milioni 12.

Yule mpiga besi alifariki Desemba 2023 kwa ajali ya gari hukohuko Texas, akiwa na miaka 65. Kundi likatoa salamu za kumuenzi, likisema mchango wake ndio uliosaidia kuwatoa kwenye kona za mitaa na kuwafikisha majukwaani.