Kidimbwi cha Mshono

Kijana mmoja anayepakia na kushusha magunia ya mahindi hapa Tunduma alikuja kwangu juzi na karatasi aliyopewa aliporuhusiwa kutoka wodini. Alikuwa amepasuliwa ngiri ya kinena na kuwekewa wavu. Siku ya nane pembeni ya mshono pakatuna, laini, hapana maumivu ya kutisha. Karatasi ilikuwa ya Kiswahili, nami kwa kawaida ningeshangilia. Lakini mahali pa seroma, yaani maji yanayokusanyika chini ya mshono, paliandikwa "ngiri maji ya kidonda".

"Shikamoo mwalimu," akaniamkia akiwa bado mlangoni. "Naomba unisomee hapa vizuri. Ina maana wamenitoa ngiri kavu wakaniachia ya maji?"

Kijana yule alisoma kwa makini kuliko aliyeandika. Ngiri maji, iwe Tunduma, Vwawa au Tanga, ni busha, maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani. Maji ya seroma hukaa penginepo, pale nyama zilipotenganishwa na kisu na kuacha uwazi. Tena wapo wachache wanaopata busha la kweli baada ya upasuaji wa ngiri. Hao nao tutawaandikia nini, ikiwa jina lao limeshagawiwa wengine?

Wapo watakaojitetea kwamba wao hawakuandika hivyo, wao wana "uvimbe wa seramu". Neno hilo nalijua na kikao lilikozaliwa nakijua, nami silikubali. Seramu ni Kilatini, na kwa Warumi ilikuwa kitu cha kawaida kabisa: yale maji yanayojitenga maziwa yakiganda. Mfugaji yeyote wa Momba anayaona kila siku juu ya mtindi wake, ya manjano mepesi, na ndiyo rangi ya maji ya seroma. Mrumi aliyaita kwa jina la jikoni kwake. Kile kiambishi cha mwisho, -oma, ni cha Kigiriki. Zamani kilitaja tu kitu kilichotokana na tendo fulani, kisha madaktari wakakifanya alama ya vivimbe, hata vile vya saratani. Wanajopo wa istilahi wa kikao hicho walipofika hapo wakachukua "uvimbe" bila kujiuliza neno hilo linabeba nini leo. Mwambie mama wa Mlowo kwamba mumewe ana uvimbe uone atakavyoketi. Kwetu uvimbe ni ule wa kwenye kizazi, ule wa titi, ule unaopelekwa kupimwa Mbeya. Hofu ya Kigiriki imehamishiwa kwa mtu ambaye maji yake yatakauka yenyewe.

Mimi nasema kidimbwi cha mshono. Dimbwi ni maji yaliyotuama mahali palipobonyea. Hayana chemchemi, hayana mkondo. Kiambishi ki- kinalipunguza, na mshono ndilo neno ambalo mgonjwa na muuguzi wanalitumia kutwa: mshono unavuta, mshono umeachia, leo tunatoa mshono. Kila aliyewahi kupita barabara ya malori ya mpakani baada ya mvua anajua tabia ya kidimbwi. Hukichimbi. Unakiacha, ardhi inakinywa. Hivyo ndivyo mwili unavyofanya kwa seroma, unayanywa yale maji taratibu. Jina limemwambia mgonjwa la kufanya kabla daktari hajafungua kinywa. Istilahi ngapi zina uwezo huo?

Nimepingwa. Mtaalamu mmoja, ambaye heshima yake inanizuia kumtaja, alisema mbele ya watu kwamba dimbwi ni neno la magazeti, dimbwi la damu, na litawatisha wagonjwa. Damu iliyokusanyika chini ya ngozi ina kitenzi chake cha zamani na kizuri, kuvilia, ambacho jopo lake limekiacha likaandika "hematoma". Aliyeacha kitu cha thamani hiyo asinifundishe uteuzi wa maneno. Pendekezo langu nimelipeleka mara mbili, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba halina hadhi ya kitaalamu.

Hadhi! Mbozi tuna jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani, takriban tani 16, na dunia nzima inakuja kuliona. Tunaliita kimondo, neno la mtu aliyetazama juu usiku, wala halijapungukiwa hadhi. Mashariki mwa Uganda madaktari walifanya utafiti kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, baadhi wakiwekewa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, wengine wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa vijidudu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Chandarua kimeingia chumba cha upasuaji; kidimbwi kinakatazwaje kuingia kwenye karatasi ya mgonjwa?

Kuhusu matumizi, kwa kifupi: kidimbwi hujitokeza siku chache baada ya upasuaji, na mara nyingi hukauka ndani ya wiki kadhaa, kisitobolewe mtaani, maana sindano chafu hupeleka vijidudu hadi kwenye wavu. Pakiwa pekundu na pa moto, pakitoa usaha, homa ikipanda, au uvimbe ukisukuma kila ukikohoa, au ukawa mgumu wenye maumivu makali, kutapika na tumbo kugoma kutoa hata hewa, hicho si kidimbwi tena, ni hospitali saa hiyohiyo.

Wingi wake ni vidimbwi. Kwenye faili huandikwa hivi: "Siku ya nane. Kidimbwi cha mshono, kinena cha kulia. Hakina joto. Kiachwe, arudi baada ya wiki mbili." Ndivyo nilivyomwandikia yule kijana nyuma ya karatasi yake, nikamwomba ampelekee muuguzi wake aone kama kuna neno la kubadilisha. Muuguzi alibadilisha moja: mahali pa "wiki mbili" akaandika tarehe.