Kwa nini dawa ya nimonia ya mtoto ina saa zake?

Mama au mlezi, ukipewa amoksilini kwa ajili ya mtoto mwenye nimonia, unaambiwa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Ukijua dawa inavyofanya kazi, utaona kwa nini ratiba hiyo si ya kubahatisha.

Bakteria ana ukuta

Bakteria ni kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho. Amezungukwa na ukuta mgumu uliofumwa kama wavu. Ndani yake kuna msukumo mkubwa wa maji, na ukuta huo ndio unaomzuia asipasuke.

Bakteria huzaliana kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Kabla ya kugawanyika, anakata sehemu za ukuta wake, anaunga vipande vipya, kisha anajenga kizuizi katikati. Kukata na kuunga lazima viende sambamba.

Dawa inapoingilia

Amoksilini huzuia kazi ya kuunga. Ukataji unaendelea lakini vipande havifungwi, ukuta unalegea, na bakteria anapasuka. Seli za mtoto wako hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa humlenga bakteria.

Kutokana na hayo, kumbuka mambo matatu:

• Dawa humpata bakteria anayejenga. Wengine huwa wametulia, hawajengi, na dozi ya kwanza huwakosa. Mtoto anaweza kuchangamka siku ya pili huku bakteria wakiwa bado wamo. Maliza siku zote ulizoandikiwa.
• Amoksilini hutoka mwilini kwa mkojo ndani ya saa chache. Ukiruka dozi, bakteria wanapata nafasi ya kujenga upya. Ukisahau, mpe unapokumbuka. Kama dozi inayofuata imekaribia, endelea na hiyo. Usimpe dozi mbili kwa pamoja.
• Virusi vya mafua havina ukuta. Amoksilini haiwezi kuviua.

Usitumie dawa iliyobaki

Usimpe mtoto dawa iliyobaki ya kaka au dada yake. Dozi hupangwa kwa umri na uzito, na ugonjwa unaweza kuwa mwingine. Tena, kila dawa inapotumika ovyo, bakteria wanaoihimili ndio wanaobaki na kuzaliana. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafika ukutani. Huo ndio usugu wa dawa: siku mtoto akiihitaji kweli, dawa haimsaidii.

Mpeleke kituoni haraka ikiwa:

• anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia
• kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa
• hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu
• amepata degedege, amelegea sana au haamki
• baada ya dawa amevimba uso, ametokwa na vipele au anapumua kwa shida. Usimpe dozi nyingine
• hajapata nafuu baada ya siku 2 hadi 3 za dawa

Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, usisubiri hata kidogo. Mpeleke kituoni mara moja.

Kabla hujaondoka dirisha la dawa, uliza: kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi? Kisha rudia majibu kwa sauti mbele ya mhudumu.