Kiwanja cha Kuazima

Leo twasoma historia ya mtandao wa intaneti. Swali letu ni hili: ikiwa chama kina ukurasa wa bure katika Facebook, kwa nini kiwe na tovuti yake pia?

Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, mfanyakazi wa CERN karibu na mji wa Geneva, alitoa shauri la kuunganisha maandishi yaliyomo katika kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu aweza kuitumia kazi hiyo bila malipo. Aliyetaka kujenga tovuti, akajenga.

Lakini kujenga kulitaka ujuzi. Basi mwaka 1994 huko Marekani ilianzishwa kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities. Iligawa nafasi bure, ikazipanga kama mitaa ya mji. Watu wakahamia kwa wingi. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo ikainunua, na Oktoba 2009 ikaifunga huko Marekani. Kurasa mamilioni zikaondolewa. Watu wa kujitolea waliwahi kunakili sehemu tu. Waliojenga hawakuweza kuzuia, kwa kuwa kiwanja hakikuwa chao.

Jambo hilo likarudi tena. Google+ ilianza mwaka 2011, ikafungwa Aprili 2019. Mwaka huohuo Myspace ilikiri kwamba nyimbo nyingi za wateja wake zilipotea wakati wa kuhamisha kompyuta. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa saa sita hivi. Fikirini chama cha ushirika kisicho na njia nyingine. Siku kama ile kingewatangaziaje wakulima bei ya kahawa?

Je, tuihame mitandao ya kijamii? La. Ile ni soko, na watu wako sokoni. Nendeni mkatangaze. Lakini mtu hawezi kutunza hati za nyumba yake sokoni. Katiba, hesabu na habari za mikutano ziwekwe katika tovuti ya chama, na nakala zitunzwe ofisini.

Tovuti nayo ina gharama. Jina lake hulipiwa, mara nyingi kila mwaka. Msipolipa, laweza kuchukuliwa na mwingine. Kompyuta inayoitunza pia huwa ya kukodi. Tofauti ni hii: mwenye kompyuta akifunga kazi, ninyi mwachukua nakala zenu, mwahamia kwa mwingine, na jina ni lilelile. Wanachama watawakuta palepale.

Wazee walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Maswali
1. GeoCities ilifungwa mwaka gani huko Marekani?
2. Ukurasa wa chama chenu ukifungwa leo, mtapoteza nini?
3. Nani katika chama chenu atakumbuka kulipia jina la tovuti?