Jina Moja Kwenye Karatasi

Dani yangu hajui kusoma, lakini mipaka ya shamba letu anaisoma bila miwani. Hapa ojuok, ule ua wa mnyaa uliopandwa na baba mkwe wake. Pale kaburi. Kule jiwe ambalo hakuna anayekumbuka liliwekwa na nani, ila kila mtu anajua halisogezwi. Desemba iliyopita nilimletea karatasi kutoka ofisi ya ardhi, ile inayoonyesha nani ameandikwa kuwa mwenye shamba, nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nyakwara, na jina la kwaru wako liko wapi?"

Halikuwepo. Lililoandikwa ni la kaka mkubwa wa babu, aliyefariki kabla sijazaliwa.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma ripoti za zamani kama mtu anayetafuta mwizi. Nilitaka kujua nani aliamua kwamba shamba la ndugu watatu liingie kwenye mstari mmoja wa daftari.

Kwetu ni Muhuru Bay, ukishapita Macalder ukaendelea mpaka barabara ikuishie ziwani. Tanzania iko hapo tu. Hata huo mpaka ulipangwa mbali: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari wao ugonge Ziwa Victoria kwenye digrii moja kusini mwa ikweta. Wakapiga rula, sisi tukawa upande huu. Mwaka 1932 ikaja Tume ya Carter kuchunguza malalamiko ya ardhi Kenya. Ilikuwa na makamishna watatu, wote Wazungu.

Halafu Roger Swynnerton, mtu wa idara ya kilimo, akaandika mpango wake wa 1954 katikati ya vita vya Mau Mau. Vipande vya mashamba vikusanywe, kila mtu apewe hatimiliki, akope pesa, alime mazao ya kuuza. Hakuficha kwamba wenye uwezo wangenunua zaidi na wengine wangebaki bila shamba. Aliona hiyo ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Ukisoma hapo unatamani kumuuliza: kawaida kwa nani?

Nilidhani uhuru ulifuta hayo yote. Kumbe wapi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilileta ujumbe wa washauri ukiongozwa na J.C.D. Lawrance, aliyewahi kufanya kazi Uganda na kuandika kitabu juu ya Wateso. Si mtu ambaye hakujua ukoo ni nini. Lakini kazi ya ujumbe ilikuwa kushauri jinsi ya kuharakisha usajili wa mashamba. Kwamba shamba lazima lipate mwenyewe mmoja kwenye daftari, hilo lilikuwa limeshaamuliwa kabla hawajashuka kwenye ndege. Wakamaliza ripoti 1966, na miaka miwili baadaye ikazaa Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968.

Kusema haki, sheria hiyo ilikuwa na mazuri. Waluo wengi walikuwa wamekataa kukusanya vipande vyao, na sababu yao ilikuwa ya akili: kipande cha ufuoni kinapokauka, cha mlimani huenda kikakulisha. Sheria ya 1968 iliruhusu kila kipande kiandikwe pale pale kilipo. Kila eneo liliundiwa kamati ya wakazi wasiopungua kumi, wazee wanaojua nani alilima wapi. Daftari likikamilika, una siku 60 za kupinga. Ukishindwa, siku 60 nyingine za kukata rufaa kwa waziri.

Siku 60! Na tangazo liko kwenye ofisi ambayo dani hajawahi kuingia.

Wapimaji walipofika kwetu, dani hakumbuki mwaka. Anakumbuka alikuwa anaanika omena na mtoto mgongoni. Wakauliza nani mwenye shamba. Kwa Wajaluo mkubwa hutangulia: hujenga kwanza, hupanda kwanza. Basi kaka mkubwa akataja jina lake, na ndugu zake wakakubali, kwa sababu kwao alikuwa anajibu kwa niaba ya boma. Sheria haikukataza kuandika ndugu wote watatu, lakini nani angejua aombe?

Mahakama zikasoma jina lile tofauti kabisa. Katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, mwaka 1972, jaji alisema aliyeandikwa ndiye mwenye shamba, na haki za kimila za wengine hazimfungi. Tena Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, ya 1963, ilikataza mahakama kurekebisha usajili wa kwanza hata kama ulipatikana kwa ulaghai. Nilirudia kusoma kifungu hicho mara tatu nikidhani Kiingereza ndicho kinanishinda.

Sasa, ile mikopo ya Swynnerton. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, baba alibeba hatimiliki ile akaenda kukopa karo. Akaulizwa huyu mtu ni nani, na yuko wapi. Yuko kaburini, nyuma ya nyumba. Mirathi haijafanywa, na kuifanya kunahitaji sahihi za watu walio Mwanza, Kisumu na sijui wapi. Nikaahirisha masomo muhula mmoja. Ni muhula mrefu, bado unaendelea.

Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, kwenye kesi iliyotoka Meru, iliamua kwamba aliyeandikwa anaweza kuwa ameshika shamba la familia kama amana. Lakini lazima uthibitishe lilikuwa la familia kabla ya usajili, na unayemdai awe wa familia hiyo. Kwa hiyo shamba likishauzwa kwa mgeni, umechelewa.

Na mgeni yupo. Binamu yangu, mjukuu wa yule kaka mkubwa, amepata mnunuzi wa kipande cha ufuoni. Simchukii. Naye ana watoto na karo, na karatasi inasema jina la babu yake. Wakili ametushauri tuweke zuio kwenye daftari la ardhi, tuandike ushahidi wa kila mzee aliye hai.

Wa dani nimeuandika mimi, kwa Kiswahili, yeye akisema kwa Dholuo. Nilipofika sehemu ya mipaka alichoka na maswali yangu. Akasema jaji aje mwenyewe, atamshika mkono ampeleke mpaka kwenye ojuok, lakini asubuhi, kabla jua halijawa kali.